Nguo Isiyo na Jina: Kaniki ya Usambara na Mipaka ya Uhakiki Wetu

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumekwisha kuizoea kanga. Haupiti muhula bila mwenzetu mmoja kuitandaza doti mbele ya semina, akatuonyesha pindo na mji, akalisoma jina kwa sauti, watu wakacheka, kisha akahitimisha kwamba hiki nacho ni kipande cha fasihi. Kazi hiyo ni nzuri na imetufaa. Imewarudisha ndani ya uhakiki wanawake ambao vitabu vyetu vya kiada viliwasahau. Lakini kila ninapokaa kuisikiliza, najiuliza kuhusu nguo nyingine iliyobaki nje ya mlango wa semina, nguo ambayo haina jina la kusomwa kwa sauti.

Makala haya yanahusu kaniki. Kwa asiyeijua (na wapo, hasa waliokulia mjini), kaniki ni nguo ya pamba ya rangi moja, bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Haina pindo, haina mji, haina maandishi. Zamani rangi yake ilitokana na nili. Baadaye zikaja rangi za viwandani, lakini sura ikabaki ileile. Huuzwa kwa bei ya chini, huvaliwa shamba, hubebea mtoto, hufunika mzigo, hujifunikia mtu usiku wa baridi. Mwenzangu mmoja aliniambia kwa kifupi: "Kaniki ni nguo bubu." Kauli hiyo nimeisikia kwa maneno mengine kutoka kwa watu wengi, wakiwemo wasomi, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Dai langu ni hili. Kaniki inasomeka, ila haisomeki kwa kanuni tulizozitoa kwenye kanga. Kwa kuwa tumezoea kutafuta maneno yaliyochapwa, tumeihukumu nguo hii kwa kosa la kutokuwa kanga. Na hukumu hiyo haiishii kwenye nguo. Inawaangukia waliozivaa, hasa wanawake wa milima ya Usambara ninakotoka. Ili kulithibitisha dai hilo nitatazama kwanza safari ya nguo yenyewe, halafu usomaji wake uliozoeleka, kisha fani na maudhui. Katika fani nitaomba msaada wa mbali kidogo, kwa Wajapani, kwa sababu nitakayoieleza nikifika huko.

Safari ya kaniki hadi mlimani

Katika karne ya 19 biashara ya misafara ilisimama juu ya nguo. Mbili kati yake zilikuwa za kila siku: merikani na kaniki. Merikani ilikuwa shuka nzito ya pamba ambayo haijapaushwa, kutoka viwanda vya Massachusetts. Marekani ilifunga mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na mwaka 1837 ikaweka konseli wake Unguja. Kaniki ilitoka India, hasa upande wa Kutch, ambako pamba ilichovywa katika mitungi ya nili. Richard Burton, aliyepita bara kati ya 1857 na 1859 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1860, anaihesabu kaniki miongoni mwa nguo zilizofanya kazi ya fedha njiani. Chakula kilinunuliwa kwa nguo, mapagazi walilipwa nguo, na watemi walidai hongo yao kwa nguo.

Usambara haikuwa mbali na mambo haya. Burton huyohuyo na mwenzake Speke walifika Vuga mapema mwaka 1857, kabla hawajaianza safari ya maziwa, wakamkuta Kimweri ye Nyumbai akiwa mzee. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alikuwa amekwisha kumtembelea mfalme huyo mwaka 1848 na tena 1852. Kimweri alipofariki mwaka 1862, ufalme uliingia katika vita vya ndugu kwa ndugu. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini bondeni, mahali ambapo njia ya misafara ilipita karibu. Kuanzia hapo nguo na baruti zikapanda mlima, na watu wakashuka wakiwa wamefungwa.

Anayetaka kuona mabadiliko hayo ndani ya maandishi asome Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyemtumikia Semboja na kuyajua mambo ya mlimani kwa karibu. Kitabu hiki kilianza kuchapwa katika mitambo ya misheni mwishoni mwa karne ya 19, na toleo lililohaririwa na J.W.T. Allen likatoka mwaka 1962. Katika sehemu za mwanzo, mahusiano ya watu yanafungwa kwa nyama: Mbegha mwindaji anawapa Washambaa nyama, nao wanampa chakula cha shambani, na kwa njia hiyo mgeni anageuka mtawala. Simulizi linapoisogelea enzi ya Semboja, kinachofunga mahusiano ni bunduki, baruti na nguo. Kwa mhakiki hili ni jambo kubwa. Kitu kinachopita mkononi kinabadilika, na maana ya kuwa mtu wa fulani inabadilika pamoja nacho. Nyama huliwa siku hiyohiyo na wote wanaoketi. Nguo huwekwa sandukuni, na mwenye nyingi ana watu wengi.

Jambo moja zaidi la safari hii, kwa kuwa litatufaa mbele. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani (1861 hadi 1865) viliikata merikani, na viwanda vya Uingereza na Bombay vikajaza nafasi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, zamu ikawa ya Japani. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin mwaka 1885 na kurekebishwa Saint-Germain mwaka 1919, iliwazuia watawala wa Afrika Mashariki kutoza ushuru wa upendeleo. Mwaka 1926 meli za Osaka Shosen Kaisha zikaanza safari za kawaida kuja pwani yetu. Kufikia miaka ya 1930 pamba ya Japani ilikuwa imejaa madukani, na watu wakaendelea kuita merikani shuka iliyofumwa Osaka. Jina la nguo, kumbe, si hati ya kuzaliwa.

Usomaji wa Unguja

Sasa tuje kwenye usomaji uliozoeleka. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics cha mwaka 2001, ameeleza vizuri maana ya mavazi Unguja kabla na baada ya kukomeshwa kwa utumwa mwaka 1897. Merikani na kaniki zilikuwa nguo za watumwa. Walipopata uhuru, wanawake walizivua, wakajinunulia kanga za rangi na maua, na baadaye buibui. Kuvaa kanga kulikuwa kutamka kwamba mimi si mtumwa wa mtu. Hoja hii ni ya nguvu, na mtu akiitazama picha ya Siti binti Saad, aliyezaliwa katika ukoo wa watumwa kule Fumba na kuwa sauti ya Unguja nzima, anaelewa kwa nini nguo njema ilikuwa na uzito kwa kizazi kile.

Tatizo ni kile tunachokifanya sisi na hoja hiyo. Tunaichukua kutoka Ng'ambo ya Unguja, tunaipandisha mlimani bila kuibadilisha hata nukta, halafu tunasema kaniki ni vazi la utumwa popote ilipo. Hebu tufikiri. Lushoto bado yupo mama anayetoka asubuhi na jembe begani, kaniki kiunoni, anakwenda kwenye shamba alilolithi mumewe kwa baba yake. Je, huyo anavaa utumwa? Tukisema ndiyo, tumemwita mtumwa mtu huru aliye juu ya ardhi ya ukoo wake. Tukisema hapana, basi maana ya utumwa haikuwa ndani ya nguo. Ilikuwa katika uhusiano baina ya aliyeitoa na aliyeivaa. Kule Unguja bwana ndiye aliyeitoa. Mlimani wengi waliinunua wenyewe kwenye gulio, kwa mahindi, maharage na ndizi zao.

Siwezi hata hivyo kuwapaka Wasambaa mafuta. Nimekwisha kusema kwamba baada ya 1862 watu waliuzwa kutoka milima hii, na nguo ilikuwa sehemu ya bei yao. Utumwa Tanganyika ulipigwa marufuku na sheria mwaka 1922 tu, miaka 25 baada ya Unguja. Kwa hiyo kaniki ya Usambara imebeba mambo mawili kwa pamoja: imewahi kuwa bei ya mtu, na imekuwa vazi la mtu huru kazini. Mhakiki anayetaka jibu moja atalazimika kuukata upande mmoja wa nguo. Kanga humrahisishia kazi, maana imeandikwa inachosema. Kaniki haijaandikwa, kwa hiyo inambidi aulize: nani kavaa, amepewa na nani, na anakwenda wapi?

Fani: weupe uko wapi?

Sasa nifike kwa Wajapani. Sababu ya kuwaleta ni kwamba wao pia walikuwa na nguo za nyumbani za pamba na nili, zilizovaliwa na kutumiwa na wakulima na watu wa kawaida, na wamepata kuzisoma kwa makini. Katika enzi ya Edo sheria ziliwazuia watu wa tabaka la chini kuvaa hariri na rangi za fahari. Pamba ya bluu ikawa yao. Nili ilitoka kwenye mmea wao wenyewe, ambao majani yake yalivundikwa kama mboji, kazi iliyosifika sana Awa, yaani Tokushima ya leo. Kisha yalitiwa kwenye mtungi pamoja na maji ya majivu, chokaa na pumba za ngano, yakaachwa yachache.

Yeyote aliyewahi kuona nili ikifanya kazi hasahau. Nili yenyewe haiyeyuki katika maji. Mpaka ichachuliwe kwanza, iache oksijeni yake, ndipo inapokubali kuingia katika uzi. Nguo hutoka mtungini ikiwa kijani cha manjano, na ikipigwa na hewa hugeuka bluu mbele ya macho yako. Kila inapochovywa tena, bluu hukolea. Kaniki ya Kutch na futoni ya Tokushima zilitii kanuni hiyohiyo.

Tofauti inaanzia kwenye kuzuia. Fundi wa Kijapani wa tsutsugaki hakuchovya nguo nzimanzima. Kwanza alipika gundi ya unga wa mchele wa kunata, akaitia katika pakacha dogo la karatasi lenye ncha, akaiminya na kuchora juu ya nguo kama mtu anayepamba keki. Mafundi wengine waliipitisha gundi hiyo kwenye kiolezo cha karatasi iliyokatwa nakshi. Penye gundi nili haikupita. Nguo ilipooshwa, gundi ilitoka, na mchoro ukabaki mweupe katikati ya bluu. Wangechora korongo na kobe, ambao kwao ni alama za umri mrefu, au msonobari, mwanzi na ua la mplamu, au alama ya ukoo. Nguo hizo zilikuwa za nyumbani kabisa: foronya za magodoro, vifuniko vya makasha, vitambaa vya kufungia vitu viitwavyo furoshiki. Nyingi ziliandaliwa kwa ajili ya bibi harusi, akaenda nazo kwa mumewe.

Angalia basi jinsi maana inavyopatikana pale. Mkono wa fundi unaamua mapema ni sehemu gani rangi isiiguse. Kinachosomwa ni kile kilichokingwa. Korongo yule mweupe ni pamba tupu ambayo mtu aliilinda. Nguo inamwambia bibi harusi: haya ndiyo tunayokutakia, tumeyalinda kabla hujaondoka.

Turudi kwenye kaniki. Aliyeichovya hakukinga chochote. Nguo nzima ilizama, ikatoka sawasawa kutoka ncha hadi ncha. Hapo ndipo mwenzangu anapopata neno lake "bubu". Lakini ichukue kaniki iliyovaliwa miaka mitatu, uitandaze juani. Utaona weupe. Pale begani ulipopita mshipi wa mzigo wa kuni, bluu imefifia. Pale mtoto alipokalia, mgongoni, imechujuka kwa mviringo. Penye fundo la kiunoni, ambapo jua halikufika, rangi bado ni ya dukani. Magotini, kwa mpalizi wa karoti anayepiga magoti kwenye tuta, uzi umeanza kuonekana. Weupe upo, tena mwingi. Umekuja baadaye, na umewekwa na mwili wa mvaaji.

Kwa hiyo nadiriki kusema hivi: nguo ya Kijapani huanza na mchoro na kumngoja mtu wa kuuishi; kaniki humwanza mtu, na mchoro wake huja mwishoni. Kanga inafanana zaidi na ile ya kwanza, maana jina lake limeamuliwa na mwingine kabla doti haijafika dukani. Kaniki haina mtunzi aliyetangulia. Mvaaji ndiye mtunzi, na hadhira yake ni wale wanaoijua kazi yake kiasi cha kuzitambua alama. Kumbuka kwamba katika fasihi simulizi tunafundishwa kuwa utungo hukamilika katika utendaji. Kwa nini kanuni hiyo tuikubali kwa ngano tuikatae kwa nguo?

Maudhui: shamba, uganga na ardhi

Fani peke yake haitoshi. Kaniki inasema juu ya nini?

Kwanza inasema juu ya kazi. Kwetu upande wa Soni, mwanamke ana nguo mbili za akili. Kanga ni ya kwenda nayo gulioni, harusini, msibani kwa jirani. Kaniki ni ya shamba. Nilimwuliza bibi yangu kwa nini asivae shambani kanga iliyochakaa kuliko kuinunua kaniki. Akanijibu: "Hii inaujua udongo." Alimaanisha haionyeshi uchafu, hilo ni kweli. Lakini udongo wa Usambara, ule mwekundu wa miteremko, unakaa ndani ya kaniki na kuipa rangi ya tatu ambayo si bluu wala nyekundu. Mtu akishuka njiani jioni unajua amelima bonde gani. Hiyo ni taarifa, na wanaoishi pale huisoma bila kufundishwa na yeyote.

Pili inasema juu ya uganga. Katika maeneo mengi ya kaskazini mashariki ya nchi yetu, waganga na wenye pepo hutumia nguo za rangi tatu: nyeupe, nyekundu na nyeusi. Nyeusi mara nyingi ni kaniki. Weusi huo tusiufasiri haraka kuwa ubaya kwa sababu tumeisoma hivyo katika tamthiliya za kigeni. Kwa mkulima wa mlimani, wingu jeusi ni habari njema.

Tatu, na hapa natoa fasiri yangu mwenyewe, inasema juu ya ardhi. Steven Feierman, katika kitabu chake Peasant Intellectuals cha mwaka 1990, ameonyesha kwamba siasa ya Washambaa kwa muda mrefu ilizunguka maneno mawili: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, yaani kuiponya. Mtawala alipimwa kwa mvua na shibe. Serikali ya kikoloni ilipoleta mpango wa matuta, ulioanzia Mlalo mwaka 1946 na kuenea baadaye kama Mpango wa Usambara, ilidai nayo inaiponya nchi. Watu waliulizana kama kweli, maana kazi ya ziada ya jembe iliwaangukia sana wanawake. Mpango ulianguka mwaka 1957. Katika maandishi ya ubishi huo utakuta watu wengi wakizungumza: machifu, maofisa, wanachama wa siasa. Mwanamke mwenye jembe huonekana kwa nadra, na akionekana hana maneno mengi. Kama ipo nyaraka aliyoiacha yeye juu ya nani anaiponya nchi, basi ni nguo aliyoinamia nayo.

Wala si kazi tu. Walio na umri watakumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, nguo ilipokuwa adimu nchini na doti ya kanga ikatafutwa kama dhahabu. Kaniki moja ilikatwa vipande, kimoja mbeleko, kingine pazia, kingine cha kuviringa ngata ya kichwani. Nyumba nzima iliweza kukaa ndani ya nguo moja. Nani atasema hakuna masimulizi humo?

Batiki na kinga ya nta

Hapa nitapita upesi. Nchini kwetu ufundi wa kuzuia rangi umeenea zaidi kwa njia ya batiki. Vikundi vya akina mama huyeyusha nta, huipiga juu ya kitambaa kwa muhuri wa mbao au wa sponji, huchovya, kisha huitoa nta kwa maji ya moto. Wengine hufunga kitambaa kwa uzi au raba kabla ya kuchovya. Kanuni ni ileile ya gundi ya mchele: unakinga kwanza, rangi inafuata.

Ila ukizitazama batiki za kuuzia wageni, unakuta tembo, twiga na Mmasai mwenye mkuki. Tembo na twiga sikuwahi kuwaona Lushoto. Fundi amepewa uwezo wa kuamua nini kikingwe, halafu akakinga kile ambacho mgeni alikuja nacho kichwani. Simlaumu, anatafuta ada ya shule ya mtoto. Lakini mhakiki inampasa aseme kwamba kitambaa hiki chenye picha nyingi hakituambii kitu juu ya aliyekitengeneza, wakati kaniki isiyo na picha inatuambia mengi. Hii inatosha kuonyesha kwamba wingi wa alama si wingi wa maana.

Pingamizi mbili

Msomaji makini atanikatiza: kama kaniki ni fasihi, basi na jembe ni fasihi, na sufuria nayo. Pingamizi hili ni zito. Tumefundishwa kwamba fasihi ni sanaa itumiayo lugha, na kaniki haina lugha. Jibu langu ni kwamba sidai kaniki iingizwe katika orodha ya vitabu vya mtihani. Ninachodai ni kwamba uhakiki ni kazi ya kusoma, na kwamba lugha imeizunguka nguo hii pande zote: jina lenyewe "kaniki" linavyotumiwa kutania na kudharau, majibu kama lile la bibi yangu, masimulizi ya nani alimpa nani na lini. Kanga imeibeba lugha yake juu ya kitambaa. Kaniki imeiacha lugha yake midomoni mwa watu. Je, sisi wa fasihi simulizi si ndio tulioapa kuifuata lugha huko?

Pingamizi la pili ni la upande mwingine, nalo linanisumbua zaidi. Kule Japani alitokea mhakiki Yanagi Soetsu, ambaye mwaka 1925 pamoja na wenzake walibuni neno mingei kwa ajili ya sanaa ya watu wa kawaida. Mwaka 1936 wakafungua makumbusho yake Tokyo. Aliwafundisha watu kuona uzuri katika bakuli la jikoni na nguo ya mkulima, na bila yeye nguo nyingi zingeishia kuwa matambara. Ila alisifu sana kwamba aliyezitengeneza hajulikani jina, kana kwamba kutojulikana ni sehemu ya uzuri. Hapo naachana naye. Bibi zetu walikuwa na majina. Kama hatuyajui, hiyo ni hasara yetu, wala si pambo. Kaniki ikitundikwa ukutani yenye kibao "nguo ya kiasili, Usambara", itakuwa imevuliwa mara ya pili.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kaniki ilikuja Usambara kwa njia ya biashara iliyouza watu, kwamba usomaji wa Unguja hauwezi kupandishwa mlimani bila kubadilishwa, na kwamba fani yake inasomeka katika weupe unaoachwa na mwili wa mvaaji. Maudhui yake ni kazi, uganga na ardhi. Neno "bubu" limetokana na sisi kutafuta maandishi mahali ambapo palitakiwa kutafuta alama za matumizi.

Pendekezo langu kwa wanafunzi wenzangu na walimu wetu ni dogo. Tunapokwenda kukusanya data vijijini, tunabeba daftari la methali, la vitendawili na la majina ya kanga. Tuongeze ukurasa mmoja. Tumwombe mwenye nyumba atuonyeshe nguo ya shamba ya mama au ya bibi, tuandike alama zilipo na zilitokana na nini, na tuandike jina kamili la aliyeivaa, kama mwenyewe au jamaa zake wataridhia. Tufanye haraka, kwa sababu kaniki, tofauti na kanga, hakuna anayeihifadhi sandukuni. Ikichakaa hukatwa vipande vya kushikia sufuria, na maandishi yake yanaishia jikoni.